Malipo kwa Herufi

Halmashauri hulipa kwa herufi, dola tisa kila moja;
nafasi iliyo wazi haihesabiwi.
Nikauliza: na kimya je?
Karani akacheka, akanipa bisibisi.

Nilipanda ngazi asubuhi ya Machi, ukungu bado umelala mtoni,
nikatazamana na Kapteni Thackwell uso kwa uso
mara ya kwanza tangu nizaliwe katika mji wenye jina lake.
Pua imeota kijani. Mkono ameunyoosha kuelekea maji
kama mwenye nyumba anayemwonyesha fundi bomba linalovuja.

Kibao kilisema: ALIUGUNDUA MTO HUU, 1641.
Alikichonga baba yangu. Mkono wake naujua,
ile G yenye tumbo, kama mtu aliyeshiba.

Basi nikaenda kusoma daftari la kapteni,
maktaba, kabati la nyuma, jirani na vitabu vya upishi.
Sikukuta zimwi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Nilikuta mtu anayeumwa jino,
anayemlilia ndugu yake aliyezikwa baharini,
anayehesabu chaza aliowala: arobaini na wawili, watamu mno.
Tarehe sita: merikebu imekwama matopeni.
Tarehe nane: wenyeji wametuvuta kwa kamba, wametupa mahindi.
Tarehe tisa: leo nimeugundua mto.

Shukrani ya punda tunaijua.
Majira ya baridi yaliyofuata, kwa mwandiko uleule uliotulia:
maghala yao tumeyachoma, upepo ulikuwa mzuri.
Kisha, kati ya bei ya misumari na bei ya chumvi:
mwanamke, Phibba, mapipa mawili ya tumbaku.
Nilitafuta doa la wino, mkwaruzo,
mahali popote kalamu ilipositasita.
Hapakuwapo.

Tamsin Harmon huupimia mto maji yake, kazi ya serikali ya jimbo.
Watu wake ndio walioshika ile kamba.
Alikuja saa ya chakula na mkate wake wa samaki,
akakalia ndoo yangu niliyoipindua.
"Kwetu hatumwiti kapteni," akasema. "Tunamwita Matope."
Akafuta haradali kidoleni.
"Andika hivyo. Herufi sita, watamudu."

Kikao kilifika saa nne usiku, kahawa ikaisha.
Mzee Ellery Voss alilia hadharani: mnaninyang'anya babu.
Kijana mmoja akataka sanamu liyeyushwe, tutengeneze mabomba.
Nilimwelewa kila mmoja kwa dakika mbili tatu.
Wakakubaliana sanamu libaki, maneno yabadilike,
wakatoka bila kuagana.

Nikabaki na lile neno.
Kugundua ni kukuta kilichofichika.
Ni pia kumshtukiza mtu aliyekaa kwake, hana habari.
Kumbe baba hakukosea;
alichonga ukweli, akalipwa, akaenda zake kula.

Nami nikachonga:

HAPA ALIKWAMA. WALIMVUTA.
AKAWACHOMEA CHAKULA.
AKAMNUNUA PHIBBA.

Karani akahesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili.
Hamsini na nne. Nukta hawalipi.
Akauliza, Phibba ndiye nani?
Nikamwambia sijui, daftari halikusema zaidi,
yale mapipa mawili tu.
Akaandika hundi polepole, akakosea tarehe.

Shaba imepanda bei. Kibao ni kilekile,
nimekigeuza, nimechonga mgongoni.
Hakuna aliyeniuliza.
Nilikifunga kwa skrubu tatu, ya nne imeliwa na kutu,
na kabla sijakibana sawasawa
nilipitisha vidole nyuma, kusikofika mwanga:
ile G ya baba ipo, imelalia jiwe,
bado imeshiba.