Mstari Mmoja

Bi Awinja ameileta kwa mkokoteni
kutoka Kaloleni hadi soko la Jericho,
imefunikwa shuka kama mgonjwa asiyetaka kuonwa:
runinga ya inchi kumi na nne, mgongo umetuna.
Mwenye mkokoteni anadai hamsini zaidi,
"kwa sababu hili ni jiwe, si televisheni."

Naichomeka.
Sauti ipo. Mtu anasoma bei ya unga.
Picha ndiyo haipo: katikati ya kioo
mstari mmoja mweupe, umekazwa
kama uzi kwenye meno ya mshonaji.
Msomaji wa habari yumo humo, mzima,
na tai yake, na meza, na ramani ukutani,
vyote vimelazwa vikawa ufito.

"Imekufa?"
Iliyokufa haisemi, mama.
Hii imelala tu, imesahau kusimama.

Naichomoa. Nangoja.
Watu hudhani ukichomoa yamekwisha,
kumbe kioo kina kinyongo,
huweka umeme moyoni kikimsubiri mjinga.
Kovu hili la kidole nililipata mwaka wa kwanza,
nikiwa na haraka ya kwenda harusi.
Waya kwenye chasisi, bisibisi chini ya kofia ya mpira:
ta! Cheche ya buluu.
Sasa tumeelewana.

Ndani, vumbi la miaka ishirini, laini kama unga wa muhogo,
mende wawili wakavu,
na sarafu ya senti hamsini.
Namrudishia mwenyewe. Anaifuta kwa leso, anaitia kifuani.

Naiwasha tena, na kwa mpini wa mbao
nagonga ubao polepole.
Hapa kimya. Hapa kimya.
Hapa, mstari ukafumbuka kama jicho la paka,
ukafumba.
Nimekuona.

Ni miguu ya chipu inayoinua picha.
Lehemu imepasuka, duara jembamba kila mguu,
ufa usiouona mpaka uuinamishie jua.
Saa moja jioni joto, saa nne usiku baridi,
joto, baridi, tangu Ambani akiwa darasa la tatu,
asema Bi Awinja, ingawa sikumuuliza.
Chuma nacho huchoka.

Kule Luthuli wangeniuzia chipu mpya mia tatu na hamsini,
na ingekuwa bandia.
Nayeyusha lehemu ya zamani, naiweka mpya,
moshi unapanda na harufu yake ya utomvu.
Kapasita moja imevimba kichwa;
naipa nyingine, kutoka redio iliyokwisha kata roho.

Nikiwa mgongoni mwa seti sioni uso wake,
kwa hiyo naazima kioo cha Musembi kinyozi.
Mteja wake anabaki na ndevu upande mmoja, analalamika.
Ndani ya kioo dunia imegeuka,
maandishi yanatembea kinyumenyume,
na picha, pole pole, inakuwa mkanda,
inakuwa dirisha,
inazidi! watu wana mapaji marefu yanayotoka nje ya fremu.
Nazungusha kidude cha kimo, unywele mmoja tu,
hadi kila mtu apate kichwa chake.

Limebaki doa, pembeni juu, la zambarau.
Sumaku hiyo, nasema. Mtu aliweka spika hapo.
Koili ninayo, ni dakika mbili,
hilo nalitoa bure.

Bi Awinja anasogea karibu mno na kioo.
Anagusa ile pembe kwa kucha.
"Spika ilikuwa ya Ambani.
Nilimgombeza mwezi mzima."
Musembi anaita, anataka kioo chake.
"Nimekulipa mstari, fundi.
Doa niachie."

Narudisha koili msumarini.
Nafunga skrubu sita kati ya nane.
Mwenye mkokoteni amejiketia juu ya ndoo,
macho kwenye hali ya hewa ya Lodwar,
na hata zile hamsini zake
hazitaji tena.