Kifungu cha Sita

Mimi, Mize binti Faki, mtu mzima, Mwislamu,
mkaazi wa Konde, Pemba, naapa na kusema:
hapo vidole vyangu husita kidogo,
maana baada ya nukta mbili
kila kiapo huingia kwa mlango mmoja.

Kwamba marehemu Raya ni ndugu yangu wa tumbo moja.
Kwamba Raya Faki wa cheti na Raya Khatib wa pasi
ni mtu yule yule; Khatib ni babu,
karani wa siku hizo alikuwa na haraka.

Bi Mize kakaa kwenye benchi langu hapa Chake,
mkoba mapajani, ndani tiketi ya gari na picha moja.
Benki ya huko alikofia Raya haisomi Kiswahili.
Kwa hiyo kila mstari naupiga mara mbili,
mara ya kwetu, mara ya kwao.

Na Kiingereza, nikwambieni, kina mambo.
Kwamba yao hukubali kufichwa:
najua yu hai, husema, na kwamba imo ndani
kama kokwa. Hapo hatugombani, nasi tunafanya.
Lakini ikishikwa mkono na neno la mbele
haibanduki. Wao husema
*sasa kwamba* amekufa,
na hiyo sasa si ya saa, ni ya sababu;
nikiifasiri kama ilivyo
Bi Mize ataangalia ukutani ajue saa ngapi.
Sisi ni *maadamu* keshakufa.
Maadamu: neno la Kiarabu
lililoolewa huku likasahau kwao.

Tena wana *katika kwamba*. Nilicheka siku ya kwanza,
skuli, Utaani, mwalimu Shaame akichora kibanda ubaoni:
"Kiunganishi nguzo. Kwamba kizingiti.
Nguzo nyengine husimama peke yake,
nyengine ukiinyima kizingiti, nyumba yote inalala.
Na *kwa sababu* haitaki kabisa;
ukiipa kwamba umempa mtu chapati juu ya wali."
Tulicheka hadi kengele.
Nilipata thalathini na nane katika mia.

Kwamba nilizaliwa kabla yake, mwaka wa mafuriko.
Kwamba mama yetu ni Time binti Hamad.
Kwamba sina mgogoro na warithi wengine.

"Basi, Bi Mize? Nitie tarehe?"

Akauzungusha mkoba.
"Andika kwamba tulinuniana."

Wakili, mlangoni, akatikisa kichwa: benki haikuuliza hilo.

"Miaka kumi na mmoja, hatujasemezana.
Kwa mkufu wa mama, na mkufu wenyewe
ulikuwa wa shaba. Andika. Isipokuwa..."

Akanyamaza.
Nami kidole juu ya kibonye, nasubiri.
Isipokuwa ya Kiswahili inaweza kukaa hivyo,
mguu mmoja hewani, mtu akaelewa.
Ile ya kwao haiendi mbele bila kizingiti:
lazima iseme kwamba nini.

"Isipokuwa kwamba nini, Bi Mize?"

"Isipokuwa kwamba kila Idi
nilitenga sahani ya tano.
Watoto wakiniuliza ya nani,
nasema ya mgeni."

Wakili akatoka kwenda kupokea simu.
Nikaandika. Kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza.
Katika hicho cha pili ningeweza kuifuta kwamba
kwenye kifungu chochote, nikaokoa wino;
katika hiki sikuweza, wala sikutaka.

Akatia dole gumba. Hakimu hakusoma,
nani asome viapo siku ya Alkhamisi?
Muhuri ukaanguka kifungu cha sita,
nusu juu ya isipokuwa,
nusu juu ya kwamba,
na sahani ikabaki wazi, bila wino.

Kifungu ni elfu moja.
Nilimtoza elfu tano.
Nauli ya Konde imepanda.