Sanduku la Arobaini na Moja

Penseli tu. Kalamu ya wino iache mlangoni
pamoja na koti, mwavuli, na chochote chenye makombo.
Ndivyo ninavyowaambia wageni wa ghorofa ya chini,
hapa Frankfort, Kentucky, ambako joto halipandi wala halishuki
kwa sababu karatasi huugua upesi kuliko watu.

Kazi yangu mimi ni kung'oa pini.
Pini zilizoota kutu kwenye pembe za hotuba
za Seneta Alden Prewitt Crouse,
masanduku arobaini na moja,
mtu aliyepanda juu ya behewa la makaa
akawaliza wachimba migodi elfu tatu
bila kipaza sauti.

Najua alivyowaliza. Ameandika pembeni, kwa bluu:
"Hapa nyamaza. Hesabu nne. Tazama wanawake."
Na chini ya ukurasa: "Shusha sauti, watainama wenyewe."
Kumbe kile kimya walichodhani ni Mungu anapita
kilikuwa na namba.

Simlaumu. Hata mpishi hupima chumvi.

Sanduku la tisa, hotuba ya bwawa:
"Hakuna kizingiti kitakachoguswa na maji
katika Bonde la Tolliver, maadamu ningali hai."
Karani ameandika: makofi. Kisha: makofi tena.

Sanduku la ishirini na mbili, barua kutoka Bonde la Tolliver.
Ottilie Gant, juu ya karatasi ya mfuko wa unga:
"Mheshimiwa, makaburi mtayahamisha kwa lori au kwa mkokoteni?
Mama yangu hakupenda lori."
Muhuri wa ofisi: IMEPOKELEWA.
Basi.
Barua mia moja na kumi na saba, nimezihesabu mara mbili,
muhuri uleule,
na kimya ambacho safari hii hakukihesabu.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Hapa daftari lipo, lina faharasa, lina namba.
Mali ndiyo iliyo chini ya maji, futi tisini,
na Jumamosi vijana hupita juu yake kwa motaboti
wakibishana kuhusu chambo.

Sanduku la mwisho ni jepesi.
Nilipolinyanyua nilidhani wamesahau kulijaza.
Saratani ya koo, baridi ya mwaka sitini na moja.
Walikata kile kilichokuwa kikisema,
wakampa kijidaftari cha bure cha duka la dawa,
jalada lina tangazo la sharubati ya kikohozi.
Na yeye, aliyewahi kusema saa tano Seneti bila kukaa:

Maji.
Fungua pazia.
Louisville wameshinda?
Mto uko juu mno.
(Wa kichwani, nadhani.)
Si supu tena, Verlene, nakuomba.

Verlene ni nani? Faharasa haimtaji.
Alijibu kwa mdomo, kama wanavyojibu wenye koo.
Ndiyo maana kila ukurasa ni nusu ya maongezi,
mlango uliofunguliwa upande mmoja.

Ukurasa wa thelathini na nne, herufi zimelala
kama mahindi baada ya mvua ya mawe:

Yule mama wa lori. Alijibiwa?

Chini yake:

Usinidanganye.

Kisha nafasi tupu, upana wa vidole vinne.
Pale Verlene alisema kitu.
Labda amesimama na bakuli, labda ameketi ukingoni mwa kitanda,
akasema, na hewa ya chumba ikakibeba
inavyobeba maneno ya wote wasio na sanduku.

Mstari unaofuata: Asante. Zima taa.

Hakukuwa na pini ya kung'oa.
Nimejaza fomu. Kijidaftari, kimoja. Hali: nzuri.
Mwandishi: Crouse, A. P.
Halafu, jambo ambalo kanuni haziruhusu,
nimeongeza kwa penseli, kwa mkono mdogo:
Verlene, ukoo haujulikani.
Kurasa: zote.