Nyuma Ya

Tangu Jumanne napakua mchezo mmoja.
Giga tisini na nne.
Mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo
kama konokono aliyeambiwa mbele kuna chumvi.
Napakua usiku tu, kwa bando la popo,
saa sita hadi alfajiri,
kwani mchana giga moja ni sahani ya malewa
na tumbo nalo lina haki zake.
Hapa Mbale mvua ikishuka kutoka Wanale
mnara wa mtandao hupata mafua.

Kompyuta niliiunga mwenyewe:
sanduku la shirika lililofunga ofisi likaacha madeni,
feni ya pili nimeikaza kwa waya wa kuanikia nguo,
kumbukumbu giga nane, nusu yake mkopo wa Nambozo
ambaye kila Jumapili, tukitoka ibadani, huniuliza
kumbukumbu yangu inaendeleaje.

Kadi ya picha, hiyo ni hadithi nyingine.
Januari nilikwenda Kampala na laki tisa.
Muuzaji akasema, milioni moja na ishirini elfu.
Nikarudi. Nikabadilisha vioo vya simu za watu,
nikavuta moshi wa lehemu hadi chai ikawa na ladha ya bati.
Mei nikaenda na milioni na ishirini, kamili, nimezihesabu njiani.
Ah, akasema, hiyo ilikuwa Januari.
Sasa ni moja na nusu. Dola, ndugu yangu. Ushuru.
Na huko duniani kuna mitambo inajifunza kusema,
inazitafuna kadi kama nzige.
Kadi ile ile, kabati lile lile,
vumbi lile lile juu ya boksi.
Vumbi peke yake halikupanda bei.

Nina rafiki Arua, Drani. Hatujawahi kuonana.
Namjua kwa kikohozi
na kwa jogoo wa jirani yake asiyejua saa.
Jumamosi tunaingia vitani pamoja kwenye mchezo wa zamani,
ule mwepesi, ambao mashine yangu huumudu ikihema.
Seva iko ng'ambo ya jangwa na bahari;
risasi yangu husafiri bila viza, hufika imechoka.
Ninayempiga ameshaondoka.
Anayenipiga bado sijamwona.
Drani akapaza sauti: Wamono! Nyuma ya

kiduara kikazunguka,
kikazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala,

nikafa, nikaoza, nikafutwa kwenye orodha,
ndipo likafika lililobaki:
ko.

Alhamisi usiku, asilimia tisini na saba,
umeme ukaenda zake.
Betri ikalia mara tano kama kifaranga, ikanyamaza.
Uliporudi, kioo kikaniambia faili limeharibika,
tafadhali anza upya. Tafadhali!
Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza kinanda dakika arobaini.
Dada akauliza kwa upole, umejaribu kuzima na kuwasha?
Nikamwambia, dada, hilo watu wa umeme wamenisaidia.

Sikumwambia mtu mwingine ila Drani,
naye alikohoa tu, akakata.

Jumatatu nikaitwa ofisi ya mizigo ya mabasi.
Boksi la viatu, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya bluu, limekosewa.
Ndani, soksi. Ndani ya soksi, diski.
Pembeni, chupa ya asali, mfuniko umezungushiwa gundi.
Giga tisini na nne, kutoka Arua,
elfu kumi na tano,
na hazikukatika hata mara moja njiani.

Nilikimbia, mimi mtu mzima, nimeshika boksi kwa mikono miwili.
Nikachomeka. Nikasubiri. Feni ikavuma, waya ukatetemeka,
muziki ukapanda, milima ikatokea, theluji, mwezi,
na katikati ya mwezi maandishi:
Karibu. Kabla ya kuanza, pakua sasisho.
Giga thelathini na moja.

Nikatazama saa. Saa kumi na moja jioni.
Nikabandua gundi polepole, nikafungua asali,
nikatia kidole.
Usiku wa manane bado.