Shimo la Tatu

Fomu ina kurasa sita.
Wa kwanza unauliza jina la eneo.
Nikaandika: Uru, juu ya Moshi,
kihamba cha Materu,
mita elfu moja na mia nne kutoka bahari
ambayo hapa hakuna anayeitaja.

Injinia Bwire amekwisha pigilia vigingi vinne vyekundu.
Mnara utakuwa wa mita arobaini na tano, anasema,
na anatazama juu kana kwamba umeshasimama.
Mimi natazama chini.
Ndiyo kazi niliyosomea.

Shimo la kwanza: mizizi ya migomba, kizibo cha soda,
betri ya redio iliyovimba.
Shimo la pili: mkaa, vigae viwili visivyo na nakshi,
na ushanga wa buluu, mdogo kuliko punje ya ulezi.
Eliaranya, aliyeuona kwenye chekeche,
akaacha kupiga mluzi.

Ndipo Mama Ndeonasia akaja na simu mkononi,
akatupita bila salamu,
akapanda kile kituta kilichozungukwa na masale,
katikati kabisa ya vigingi,
akajinyoosha kwa ncha za vidole.
Unanisikia? Sasa je? Na sasa?
Mwanawe yuko Geita, machimboni.
Kijiji kizima kinajua mtandao unashuka pale tu,
vijiti viwili, alfajiri hata vitatu.

“Msinishangae,” akasema aliposhuka.
“Naongea na mwanangu nikiwa nimemkanyaga bibi yangu.
Yeye hana neno.
Alipenda sana habari.”

Shimo la tatu tulilichimba kwa mwiko na brashi.
Sentimita sitini, udongo ukabadilika,
mweusi, laini kama kahawa iliyotwangwa,
na mzizi wa sale umekumbatia chungu
kilichofudikizwa, kizima, hakina ufa.
Hakuna aliyesema kifunuliwe.
Hata Bwire alivua kofia ngumu, akaishika kifuani,
kisha akauliza, taratibu,
kazi itachelewa siku ngapi.

Ukurasa wa tano: Umuhimu wa mabaki.
Weka alama: mdogo, wa kati, mkubwa.
Hakuna kisanduku cha *alipenda sana habari*.
Nikaweka kwenye mkubwa, kalamu ikatoboa karatasi.
Nikapendekeza mnara uhamishwe hatua sitini,
ng'ambo ya mfongo, penye mgrivilia uliokauka,
ambako shimo la nne halikutupa kitu ila maji.

Nilidhani atanishukuru.
“Ng'ambo ya mfongo ni kwa shemeji yangu,” akasema.
“Kodi atakula yeye.
Na mtandao ukijaa hadi jikoni,
nani atapanda tena huku kumsalimia bibi?”
Sikuwa na jibu.
Niliufunua ukurasa wa sita.
Unataka sahihi tu.

Kabla ya kufukia
nikaweka sarafu ya mia tano kando ya chungu,
nyati akitazama juu.
Ni desturi yetu wachimbaji,
ili atakayefika baadaye ajue
kuna mtu alitangulia, akaona, akarudishia udongo.

Mama Ndeonasia alichungulia shimoni,
mkono mmoja kiunoni.
“Mia tano,” akasema.
“Hiyo ni vocha ya dakika ngapi?”