Dakika Nane Kabla

Saa nne na robo asubuhi, Tartu.
Nje baridi imeugandisha mto. Ndani,
Bwana Feofan, mkulima wa vitunguu kutoka Kolkja,
amelala usingizi niliompa mimi.
Tumbo lake liko wazi chini ya taa.
Mimi niko kichwani pake, nyuma ya pazia,
naisoma damu yake kwenye kioo:
kilima na bonde, kilima na bonde.

Sabini na nane. Namba njema.
Daktari Raivo anapiga mluzi huku akikata.
Lakini mashine mpya, iliyofunzwa kwa mawimbi
ya maelfu waliolala hivi hivi,
inawasha taa ya manjano: presha itaanguka.
Bado dakika nane, kama si chini.

Nimtibu mtu kwa jambo ambalo halijatokea?
"Mbona yuko sawa, daktari," asema nesi Eneli.
Yuko sawa.
Baba yangu naye alikuwa sawa, kule Viljandi,
nyonga tu, kazi ya asubuhi moja.
Kwenye karatasi yake kuna nukta, nukta, nukta,
kisha dakika kumi na moja nyeupe
ambapo mtu alikuwa akitafuta dawa kabatini.
Figo hazina mdomo. Hazikupiga kelele.
Zilinyamaza, basi.

Kwa hiyo siulizi kama; nauliza kwa nini.
Maji yamepungua? Moyo umechoka?
Au mishipa imelegea kama soksi kuukuu?
Nainamisha meza, miguu juu kidogo:
wimbi halinenepi. Si maji.
Moyo unasukuma. Ni mishipa.
Noradrenalini, basi, tone kwa tone,
kama atiaye chumvi akijua
haitolewi tena mchuzini.

Dakika ya tano: sabini na nne.
Ya nane: sabini na mbili.
Ya kumi, Raivo bado anauharibu wimbo ule ule.
Hakuna kilichotokea.
Hiyo ndiyo kazi yangu ya leo.

Je, ingeanguka? Sijui.
Mashine nayo haijui; inakisia kama mimi,
ila yenyewe haioni haya.
Nimeziba ufa nisiouona,
na huenda ukuta ulikuwa mzima.
Fomu inataka saa, dawa, kipimo.
Haina kisanduku cha msiba usiofika.

Jioni Bwana Feofan anafumbua macho,
anauliza kama kuna aliyegeuza
vitunguu vyake juu ya jiko.
Nainama, natazama mfuko ubavuni mwa kitanda:
mkojo, manjano safi, umefika nusu.
Namwambia vimegeuzwa.