Mwezi wa Zipu

Darasani kwetu Hola palikuwa na chati ya majira manne,
na kwenye kipupwe mchoraji alimchora mtu
aliyevaa sweta, mikono kwapani.
Tulimcheka. Tulidhani anaumwa.
Bati lilikuwa likialika juu ya vichwa vyetu.

Sasa mtu yule ni mimi.
Soko la Toi, Julai, saa moja asubuhi,
cherehani baridi kama pua ya mbwa,
mafuta yake yameganda, nami pia.
Mbingu ya Nairobi imeshuka hadi kwenye nyaya za umeme
ikakaa pale wiki tatu, kama mgeni
asiyeona kwamba mkeka umeshakunjwa.

Miaka mitano ya kwanza niliichukia.
Nilihesabu siku kwa makopo ya makaa.
Soksi nilizianika nyuma ya friji ya jirani,
zikarudi na harufu ya samaki, na maji yake palepale.
Mama akipiga simu nilimwambia, huku jua limefungwa jela.
Alicheka. Kwake hata mbuzi
alikuwa akitafuta kivuli cha mbuzi mwenzake.

Lakini Julai ndio mwezi wa zipu.
Makoti ya mitumba huletwa kwangu vinywa wazi,
meno yameng'oka,
na mkono wangu ndio unaolipiwa.
Na mifukoni, mambo!
Tiketi ya treni ya mji nisioweza kuutamka.
Glavu moja ya mtoto.
Mwaka juzi, jani kavu, jekundu, pana kama kiganja.
Sikulitupa. Mtu fulani,
katika baridi ya kuua, si hii yetu ya kukohoa,
aliinama akaokota kitu kizuri.
Hilo lilinisumbua siku nzima.

Kesho yake Nyaguthii aliniletea uji,
wimbi na ndimu,
na kwa mara ya kwanza sikuunywa haraka.
Nilikishika kikombe. Niliacha mvuke unipande usoni,
miwani ikapofuka, nikakaa humo,
ndani ya wingu langu dogo,
nikisikia vidole vikirudi kimoja kimoja
kama kuku jioni.

Saa tisa jua likachungulia. Dakika kumi tu.
Soko zima likatoka bila kuitana:
muuza viatu, kinyozi na mteja wake nusu kichwa,
Omusula wa mikoba, ambaye hakuwa amenisalimu
tangu tugombanie kamba ya turubai.
Migongo ukutani, macho tumefumba.
Mtoto akauliza, "Mnafanya nini?"
"Tunaota jua," akasema Omusula,
akasogea kidogo, nafasi ya bega langu.

Kitenzi hicho nimekitumia maisha yangu yote
bila kukipindua nione pindo lake la ndani:
kuota moto, kuota jua,
kuota ndoto, kuota kama mbegu.
Kwetu tulikuwa na jua la kumwaga
na hatukuwahi kuliota.

Usinifanye shujaa. Mafua ninayo,
ukuta wa chumba umeota ukungu
(naam, hata huo), na makaa yamepanda bei.
Ila nina koti la kijivu ambalo mwenyewe hakulirudia.
Zipu yake nimeibadilisha mara mbili,
ya pili kwa ajili yangu.
Alfajiri nikishika njia, pumzi yangu hunitangulia
hatua moja, kama mtoto anayejua nyumba tuendayo.

Oktoba mijakaranda itamwaga zambarau barabarani,
watu waniletee mashati ya mikono mifupi.
Mama atauliza, baridi imeisha?
Nitamjibu, imeisha, tumshukuru Mungu.
Nami nitakuwa nimeegemea ukuta uleule,
jua tele, kutwa nzima,
na hakuna mtu hata mmoja kando yangu.